Barua kwa mwanangu hakimu

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza Julie Manning alifikaje Mahakama Kuu, na kama wewe, hakimu mkazi, unaweza kupita alipopita yeye. Njia ile ilishafungwa.

Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi walikuwa 14, mwanamke yeye peke yake. Wanasheria Waafrika walikuwa wa kuhesabika, kwa hiyo mhitimu hakukaa kusubiri kazi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini akawa jaji wa kwanza mwanamke nchini. Mwaka 1975 Mwalimu akampa Wizara ya Sheria. Kumbe kwenye kiti cha ujaji hakukaa sana. Mheshimu kwa kufungua mlango, ila uandishi wa hukumu kajifunze kwa Jaji Eusebia Munuo, mwanamke wa kwanza Mahakama ya Rufani.

Anza na rufaa aliyoiamua akiwa Mahakama Kuu, ya mjane na shemeji yake waliogombania usimamizi wa mirathi. Alisema mjane ana haki ya kusimamia mali kwa niaba ya watoto wake, na hakuishia kwenye huruma: alisimamia Katiba, kisha mikataba ya kimataifa ya haki za wanawake na watoto. Hukumu ya namna hiyo ni ngumu kuitengua.

Sasa wewe. Kwa jaji wa Mahakama Kuu, Ibara ya 109 ya Katiba inataka shahada ya sheria na sifa maalumu, uhakimu ukiwamo, kwa miaka isiyopungua kumi. Rais anaweza kulegeza muda huo, lakini usipange maisha yako kwa kutegemea hilo. Ndiye anayeteua, baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Tunza barua ya uteuzi na za uhamisho, maana miaka huthibitishwa kwa karatasi.

Kinachowaangusha mahakimu wengi ni hukumu zenyewe. Amri ya 20, kanuni ya 4 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inadai vitu vinne: maelezo mafupi ya shauri, hoja za kuamuliwa, uamuzi juu ya hizo hoja, na sababu. Utakuta mtu amenakili ushahidi kurasa ishirini, halafu mstari mmoja: "mdai ameshindwa kuthibitisha." Kwa nini? Hasemi. Jalada linarudi kutoka mahakama ya juu, hukumu iandikwe upya, na wadaawa, yaani wenye kesi, wanazidi kuchakaa. Chukua hoja moja, taja ushahidi wa pande zote unaoihusu, sema upi umeuamini na kwa nini, ndipo uende ya pili.

Ukigundua jambo jipya wakati unaandika, hata la mamlaka ya mahakama yako, usiliamue chumbani. Waite wadaawa, wasikilize kwanza. Kosa hilo peke yake linatosha kubatilisha kazi nzima, na wapo wazoefu ambao bado wanalifanya.

Mama yako