Kabla ya Kujiandikisha Shahada ya Kemia, Hesabu Miezi

Nilisoma kemia miaka 4, nikaingia maabara ya kupima ubora wa dawa, na hadi leo ndiyo kazi inayonilisha. Naipenda. Lakini nilijiandikisha bila kupiga hesabu, na ninaona wengi wanarudia kosa langu. Wanaokuja kuniomba ushauri, hasa wazazi wa watoto wanaofanya vizuri sayansi, huja na karatasi ya ada tu mkononi. Ada ndiyo sehemu rahisi, maana imeandikwa na kila mtu anaiona.

Muda hauandikwi popote. Kemia ina maabara, na maabara inakula mchana wote. Rafiki zangu wa masomo mengine walimaliza vipindi saa 7 wakaenda kwenye vibarua vyao. Mimi saa 10 jioni bado nimesimama mbele ya bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo na kibomba chini, nadondosha alkali kwenye asidi tone kwa tone, nasubiri ile pinki hafifu ya fenolfthalini, dawa inayobadili rangi asidi inapokwisha, ibaki hata nikitikisa flaski. Tone moja likizidi rangi inakolea, unamwaga, unaanza upya. Usiku unaandika ripoti. Kwa hiyo usimpangie mtoto bajeti inayotegemea kibarua cha katikati ya wiki.

Mimi hupima kila kitu kwa mshahara wa mwezi mmoja, ule ambao ungeupata leo bila shahada. Miaka 4 chuoni ni mishahara 48 usiyoipokea. Tuseme ada, vitabu na vifaa kwa miaka yote vinafikia mishahara 24. Jumla 72. Chakula na pango usiviingize, kwa sababu ungevilipa hata usiposoma, labda ile nyongeza tu ya kuishi mbali na nyumbani. Sasa umehitimu, unalipwa mara moja na nusu ya ule mshahara wa awali. Faida yako kwa mwezi ni nusu mshahara, kwa hiyo itakuchukua miezi 144, yaani miaka 12, kurudisha ulichotoa, na riba ya mkopo hatujaigusa. Ukilipwa mara 2 ya ule mshahara, ni miaka 6.

Hizo ni namba za mfano, weka zako. Ila tazama kinachotokea ukirudia mwaka mmoja: mishahara 12 imekupita, ada ya mishahara 6 imeongezeka. Kwa yule wa mara moja na nusu, hiyo ni miaka 3 mingine ya kufidia. Nimeona vijana hodari wakikwama kwenye themodinamiksi, somo la joto na nishati, na mara nyingi tatizo lilikuwa hisabati waliyokuja nayo. Kama hisabati inamsumbua, mwalimu wa ziada kabla ya chuo ni gharama ndogo sana ukiilinganisha na mwaka mzima.

Utaona kwamba kinachoamua zaidi ni mshahara wa kuanzia, na hapo ndipo nilipoumia. Kwenye usaili wangu wa kwanza niliulizwa: "Umewahi kuendesha HPLC mwenyewe?" Ni mashine inayosukuma kimiminika kwa shinikizo kubwa kupitia kolamu nyembamba ili kutenganisha vilivyomo kwenye sampuli, na maabara za dawa haziendi bila hiyo. Mimi nilikuwa nimeiona mara 2, nikichungulia nyuma ya migongo ya wenzangu wapatao 30, huku fundi akibonyeza vitufe. Nilisema ukweli, nikakosa kazi. Baadaye nilijitolea miezi 3 bila malipo mahali pengine, nikaanza kwa kuchuja viyeyushi na kuosha kolamu, mpaka nikaachiwa sampuli zangu. Ile miezi 3 nayo ni gharama ya shahada.

Kwa hiyo ukichagua chuo, uliza wanafunzi wangapi wanagawana mashine moja, na kama mwanafunzi anaigusa. Uliza mafunzo kwa vitendo hufanyika wapi na kwa muda gani. Maabara inayofuata ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, lazima ionyeshe kwa kumbukumbu kwamba mpimaji ana uwezo na vifaa vimekaguliwa usahihi wake. Anayejua kupima, kurekebisha mashine na kuandika kumbukumbu safi huajirika haraka kuliko mwenye alama za juu asiyejua pipeti inashikwaje. Naomba hili lisisahaulike.

Uhandisi kemikali ni shahada nyingine, ya kubuni na kuendesha mitambo, na mara nyingi mhandisi huanza na malipo makubwa kuliko mkemia. Kama fedha ndiyo sababu yako kuu, linganisha hizo mbili kabla hujajaza fomu. Uzamivu nao una hesabu yake. Nchini Marekani, kwa mfano, wanafunzi wengi wa uzamivu wa kemia hawalipi ada, hupewa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti, lakini ni miaka 5 au zaidi ya posho hiyo.

Na kama hesabu yako inatoka miaka 12 na nyumbani hawawezi kusubiri, fikiria stashahada ya ufundi wa maabara kwanza. Unaanza kupokea mshahara mapema, mikono inazoea mashine, na baadhi ya waajiri huchangia ada ya shahada ukishakuwa kazini. Nimefanya kazi na watu waliopita njia hiyo, na wao ndio walionifundisha kusoma kromatogramu, ile grafu inayotoka kwenye HPLC.