Meno matatu ya mbele na tarumbeta

SWALI

Habari yako, daktari. Mimi ni askari polisi mstaafu, nina miaka 63, naishi Tororo. Nilikuwa kwenye bendi, na hadi leo napuliza tarumbeta kwenye harusi na mazishi. Ndiyo inayoninunulia chumvi na sabuni. Miezi miwili iliyopita nilianguka na bodaboda, nikapoteza meno matatu ya juu, ya mbele kabisa. Magego ya chini niling'oa zamani, mawili kila upande. Nina sukari, natumia vidonge. Binti yangu aliyeko Kampala anataka niwekewe meno ya skrubu. Rafiki yangu anasema ning'oe yote yaliyobaki niweke seti nzima, mambo yaishe. Na kuna kijana hapa sokoni anabandika meno kwa gundi, unatoka nayo siku hiyo hiyo, bei ndogo. Nimsikilize nani?

Mpiga tarumbeta, Tororo

JIBU

Afande, pole kwa ajali. Mimi si daktari. Ni fundi wa maabara, yule anayekaa chumba cha nyuma na kutengeneza meno ambayo daktari atakuwekea. Mdomo wako ningeuona kwa sanamu ya plasta tu. Ila meno yakilalamikiwa hurudishwa mezani kwangu, kwa hiyo maoni ninayo.

Kijana wa sokoni mwache. Ile anayoiita gundi ni plastiki inayochanganywa unga na maji yake na kugandia mdomoni. Inapoganda inatoa joto la kuunguza ufizi, kisha inashika meno ya jirani yaliyo mazima. Huwezi kuitoa kuisafisha. Chakula kinaingia chini na kukaa humo, na baada ya muda jirani naye ameoza. Kwa mtu mwenye sukari, ufizi wenye uchafu wa kudumu ni balaa maradufu, kwa sababu maambukizi ya mdomo yanaivuruga sukari na sukari inayachochea maambukizi.

Rafiki yako anakupenda, lakini amekosea. Seti nzima ya juu hushikwa na kaakaa na mate, hiyo wengi wanaizoea. Ya chini haina kaakaa. Imekalia ukingo mwembamba wa ufizi, ulimi unaisukuma huku, shavu kule. Wateja wanaorudi kwangu wakilia, wengi wanalilia ya chini. Tena jino likitoka, mfupa uliolishika huanza kuyeyuka, na hauachi. Kila jino zima ulilo nalo linakulindia taya.

Sasa hayo matatu. Zipo njia tatu, na kwako wewe swali la kwanza ni ipi itastahimili mdomo wa tarumbeta, maana kile kikombe cha chuma kinakandamiza mdomo wa juu dhidi ya meno hayo hayo uliyopoteza. Bei tuizungumze baadaye.

Njia ya kwanza ni sahani ya kuvaa na kuvua. Ya plastiki ndiyo rahisi kupata na rahisi kurekebisha, ila ni nene na huweza kutikisika ukipuliza. Ya chuma cha kobalti na kromu ni nyembamba na hushika vizuri zaidi kwa kulabu zake, lakini gharama inapanda, na si kila maabara inaitengeneza.

Ya pili ni daraja, meno yanayogandishwa moja kwa moja juu ya meno ya jirani. Halichezi. Lakini jirani hao lazima wasagwe pande zote wavalishwe kofia, na kilichosagwa hakirudi. Kwa pengo la meno matatu mbele, daktari atataka kuegemea machonge, kwa sababu chonge ndilo lenye mzizi mrefu kuliko yote. Kama machonge yako ni mazima hayajawahi kuguswa, mimi roho inaniuma kuyasaga. Tena ajali iliyong'oa matatu huenda imelegeza la nne. Huwezi kujenga daraja juu ya nguzo usiyoijua.

Ya tatu ni hizo skrubu za binti yako, vipandikizi vya titani. Msweden Per-Ingvar Brånemark ndiye aliyegundua kwamba mfupa hukubali kushikana na titani, na mgonjwa wake wa kwanza aliwekewa mwaka 1965, kwa hiyo si jambo la majaribio. Skrubu mbili zinaweza kubeba meno yako matatu bila kugusa jirani. Binti hajakosea. Ila mfupa huchukua miezi mitatu hadi sita kuishika skrubu, na muda huo usiikandamize na tarumbeta. Sukari haikuzuii ikiwa imetulia. Daktari atataka kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, hatatosheka na kile cha kidole cha asubuhi.

Ningekuwa wewe ningeanza na sahani ya plastiki, hata kama mwisho wa safari ni skrubu. Ufizi wako una miezi miwili tu, bado unanywea. Chochote cha gharama utakachopimiwa leo kinaweza kuacha mwanya juu baada ya miezi michache. Sahani ikilegea hutiwa bitana kwa ndani, ikakaa tena. Na faida kubwa iko hapa: ni kielelezo cha umbo. Jino likizidi urefu kidogo, au likiinama mbele kuliko la zamani, sauti ya tarumbeta inabadilika. Kwenye plastiki ninapunguza kwa tupa au ninaongeza, unapuliza, unaniambia. Tukipata umbo linalokupa noti zako za juu, daktari na fundi wanalinakili kwenye meno ya kudumu.

Kabla sahani haijapikwa kuna siku ya kujaribu nta. Nimepanga meno moja moja kwenye nta ya waridi kwa kisu cha moto, na bado yanasogezeka. Hiyo siku usiwe mpole. Sema "sitini na sita" nisikie S, kisha sema "fundi wa vifaa". F na V zinataka ncha ya jino la juu iguse mdomo wa chini. Zikikwama, jino ni fupi au refu. Toka na kioo uangalie rangi kwenye mwanga wa jua, na usiombe weupe wa kikombe kipya, utaonekana una meno ya mtu mwingine. Leta picha ya zamani unayocheka. Kama ulikuwa na mwanya, sema mapema! Watu wanaona haya kuomba mwanya, kisha nyumbani mke anauliza huyu nani.

Magego ya chini hayana haraka. Watafiti waliopima watu Tanzania waliona kwamba mwenye magego madogo kamili na walau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana hutafuna vya kutosha. Kama mchomo, yaani nyama choma, unaumudu, pesa zipeleke kwenye meno ya mbele.

Kabla ya yote, picha ya eksirei, kwa sababu ajali huacha vipande vya mizizi ndani ya ufizi. Yaliyotoboka yazibwe, ukoga utolewe. Mbale ni karibu nawe kuliko Kampala. Pa kuanzia ni idara ya meno ya hospitali ya rufaa. Kwenye kliniki binafsi uliza leseni ya mwaka huu ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda.

Ukishavaa sahani, ioshe kwa sabuni na mswaki laini juu ya beseni la maji, isivunjike ikidondoka. Dawa ya meno inaikwaruza, maji ya moto yanaikunja. Usiku ivue, iloweke kwenye maji. Sahani ndogo ya meno matatu mtu huweza kuimeza usingizini, na hiyo plastiki haionekani kwenye eksirei. Muwa usiuume nayo.

Bei: patana mapema kama kurudi kurekebishwa kumo ndani, kwa sababu utarudi. Siku ukiweka skrubu, dai kadi iliyoandikwa jina la kampuni na saizi. Ikilegea miaka kumi baadaye, bila kadi hiyo daktari mwingine hatajua atumie bisibisi gani.