Pampu ya kuzungusha maji: moja kubwa au mbili ndogo?

Ndugu, umeuliza ununue pampu ipi: kwa tangi lako la maji ya bahari la lita 200 lenye matumbawe laini, hiyo moja kubwa ya lita 8,000 kwa saa iache. Itachimbua mchanga upande mmoja, huku uchafu ukituama nyuma ya mawe. Nunua mbili za lita 2,000 hivi, zenye kidhibiti cha kasi, uzielekeze mikondo igongane. Matumbawe hupenda maji yanayovurugika, si mkondo wa kuyapiga mfululizo. Ukija kufuga Acropora, yaani aina ya matumbawe magumu, utahitaji mzunguko wa mara 30 ya ujazo wa tangi kwa saa au zaidi. Una anemoni, yule mnyama wa baharini anayefanana na ua? Funika pampu kwa wavu, maana hutembea na kunaswa. Na tafadhali, fundi umeme aweke kifaa cha kukata umeme unapovuja kabla hujawasha chochote.