Mifumo 6 ya ushirika: msianze na kununua mtambo

Dada, umeuliza kama ushirika wenu wa kahawa hapo Moshi, wenye mifumo 6 ya kompyuta isiyosomana, ununue mtambo, yaani programu ya kati, wa kuiunganisha. Bado. Ni kweli, mkiunganisha kila mfumo na kila mwenzake mtafika viungo 15, na badiliko moja dogo huvunja kadhaa. Lakini mtambo hautatibu daftari la wanachama lenye nakala tatu, kila moja na tahajia yake ya jina. Anzeni hapo: namba moja ya mwanachama, mfumo mmoja wenye mamlaka nayo, mingine iulize kupitia huduma moja, yaani mlango mmoja wa kuombea taarifa kwenye mfumo huo, isinakili jedwali la wanachama.

Kisha malipo ya wakulima kwa simu, ndiko kwenye hatari kubwa. Mtandao ukikatika baada ya ombi la malipo kufika, mfumo haupati jibu, hutuma tena na mkulima hulipwa mara mbili. Kila ombi libebe namba ya kipekee inayotokana na stakabadhi ya mizani. Mfumo unaopokea ukiiona tena urudishe jibu lilelile la kwanza, usilipe. Mkibadilisha huduma, toleo la zamani libaki hewani hadi mfumo wa mwisho unaolitumia uhamie jipya. Andikeni pia nani anasimamia kila huduma, maana ikizima usiku wa msimu wa mavuno lazima ajulikane wa kupigiwa simu.