Chumba cha mikutano kisicho na dirisha kinahesabiwa?

Kinahesabiwa. Kukosa dirisha peke yake hakukitoi chumba cha mikutano kwenye hesabu ya mandhari ya nje ya LEED, mfumo wa kutathmini majengo yanayojali mazingira. Kinachoangaliwa ni matumizi: kama kwa wastani mtu hukaa humo zaidi ya saa moja kwa siku, eneo lake linaingia. Stoo, korido na vyoo havimo. Ila toleo la 4 linataka asilimia 75 tu ya eneo lote la namna hiyo lione nje, kwa hiyo chumba kimoja kidogo mara nyingi hakiwaangushi. Mkitaka kukiokoa, wekeni ukuta wa ndani wa kioo angavu, macho yafike dirishani bila kizuizi cha kudumu. Kioo cha ukungu, sahauni.