Jibu: Watoto 38 na kona za michezo zinazoishia kwenye ugomvi

Habari mwalimu, na poleni na baridi ya Mafinga. Umesema watoto wako wa miaka minne wakifunguliwa kona za michezo wanagombana ndani ya dakika kumi, unaishia kuwarudisha kukariri a, e, i.

Hesabu vifaa kwanza. Vifuniko 20 vya chupa kwa watoto wanane ni ugomvi mtupu. Gawa kona 6, watoto 6 au 7 kila moja, na vitu vingi vya aina moja: magunzi 40, vipande 30 vya mianzi vilivyopigwa msasa. Lile gari moja la plastiki litoe kabisa.

Muda nao: dakika 15 huishia kwenye kuchagua. Wape 45, uwatangazie zikibaki 5.

Kinachotuliza kuliko vyote ni udongo wa mfinyanzi. Toa mawe, loweka usiku kucha, kanda. Viringisha kamba nene kama kidole, ikunje: ikipasuka, ongeza maji; ikinata mikononi, anika kidogo. Hifadhi kwenye chombo kilichofungwa vizuri. Juni na Julai kandia maji ya uvuguvugu, la sivyo hawataugusa.

Maharage na punje za mahindi ziwe pale unapokaa mwenyewe tu, maana huzisukuma puani.

Wakivutana, chuchumaa usawa wa macho yao, useme unachokiona: "Nyote wawili mnalitaka gunzi hili." Kisha nyamaza. Usiharakishe kuamua, mara nyingi mmoja wao atatoa wazo.