Vifaa vya golikipa wa hoki si sare ya shule

Wazazi wengi hapa Kampala tunaponunua sare ya shule huchagua shati linalomzidi mtoto kidogo, kwa hesabu kwamba atakua nalo. Hesabu hiyohiyo ndiyo niliyoifanya nilipomnunulia binti yangu wa miaka kumi pedi za miguu za golikipa wa mpira wa magongo, nami nilijuta kabla mazoezi ya kwanza pale Lugogo hayajamalizika. Mkunjo wa pedi, ambao hupaswa kulingana na goti, ulikaa juu kwenye paja lake, hivyo kila alipochuchumaa pedi zilimsukuma nyuma, na alipojaribu kukimbia ziligongana. Hakulia. Lakini wiki iliyofuata alianza kugeuza uso kila mshambuliaji alipoinua gongo, na kocha akanieleza kwamba mtoto asiyeviamini vifaa vyake hujifunza kuukimbia mpira kabla hajajifunza kuuzuia.

Tangu siku hiyo siulizi umri wa mtoto dukani, ninapima mguu. Mtoto asimame akiwa amevaa viatu vyake vya michezo, upimwe urefu kutoka juu ya kiatu hadi katikati ya goti, kisha urefu huo ulinganishwe na mahali pedi inapojikunja. Baada ya hapo achuchumae, apige hatua za pembeni, aanguke upande mmoja na kuinuka mwenyewe. Ikiwa anahitaji kushikwa mkono ili ainuke, pedi hizo ni za mtoto mwingine. Kanuni huruhusu kila pedi iwe na upana usiozidi sentimita 30, lakini kwa mtoto mwembamba upana huo ni mlango aliofungiwa miguuni.

Kama fedha hazitoshi kwa vyote mara moja, anza na kofia ngumu yenye wavu wa chuma pamoja na kinga ya koo. Mpira wa hoki ni wa plastiki ngumu na una uzito wa gramu 156 hadi 163. Mzee mmoja wa pale uwanjani, wa kizazi kinachokumbuka timu ya Uganda iliyokwenda Olimpiki ya Munich mwaka 1972, hupenda kutuambia kwamba wao walidaka bila kofia, nami humsikiliza kwa heshima huku nikikaza mkanda wa kidevu wa mwanangu. Kofia ikikaa vizuri, mtoto atatikisa kichwa kwa nguvu na wavu hautahama mbele ya macho yake.

Shemeji yangu anayeishi Kanada, kwa moyo mwema kabisa, alitutumia seti ya golikipa wa hoki ya barafu. Ilikuwa nzuri sana na haikutufaa. Golikipa wa barafu huvaa viatu vigumu vya kuteleza, na pedi zake hufungwa kwenye viatu hivyo, wakati golikipa wa uwanjani huupiga mpira kwa mguu, kwa hiyo huhitaji viatu vinene vya sponji, ambavyo sisi huviita kika, vinavyofungwa juu ya raba. Bila kika, vidole vya mtoto viko wazi. Unapozijaribu, hakikisha pedi inashuka na kulala juu ya kika bila kuacha mwanya, maana mpira huupata mwanya huo mapema kuliko mzazi.

Binti yangu ni mashoto, nami nilidhani ningelazimika kutafuta vifaa vya pekee. Haikuwa hivyo. Magongo yote ya hoki hutengenezwa kwa namna moja, upande bapa ukiwa kushoto, na golikipa hushika gongo kwa mkono wa kulia huku glavu bapa ya kuzuia ikivaliwa kushoto. Kwa mashoto hiyo ni bahati, kwani mkono wake mwepesi ndio unaozuia.

Vifaa vya mtumba sivikatai, isipokuwa kofia iliyopasuka, hata kama imegundishwa vizuri. Bonyeza sponji kwa kidole gumba: ikibaki na shimo au ikimeguka, iache. Sponji nzima ikilowa mvua za Machi hadi Mei huanikwa kivulini penye upepo, wala haifungiwi ndani ya begi hadi Jumamosi nyingine, jambo ambalo pua za nyumba nzima zilitufundisha.

Kinachochakaa kwanza ni mikanda ya chini ya kika, kwa sababu hukanyagwa kila hatua. Yetu ilikatika ndani ya miezi minne. Fundi viatu wa mtaani kwetu aliibadilisha kwa mikanda ya mikoba ya shule na bizimu za plastiki, akaipitisha mshono mara mbili kwa uzi wa nailoni, na mpaka leo inashika.